Nguzo Tatu

Daktari hakunigombeza. Laiti angenigombeza.
Alitazama karatasi, akatazama tumbo langu,
akauliza nyumbani kwangu kuna ngazi ngapi.
Kumi na nne, nikasema.
"Na unapumzika ya ngapi?"
Nikanyamaza, maana napumzika mara mbili.

Basi leo, saa kumi na mbili kasorobo,
giza la Juni bado limeuatamia mji wa Punta Arenas,
nimevaa viatu vya binti yangu Maite,
vinanizidi namba moja na nusu,
soksi jozi mbili, suruali ya kulalia,
koti la kazini lenye nembo ya kivuko mgongoni.
Mwanariadha gani huyo!
Hata kioo cha mlangoni kilifanya ukungu.

Barabara ya ufukweni ina nguzo za taa.
Nimejipangia: nguzo hadi nguzo, mbio,
na pumzi ikikata, nihesabu, nirudi.
Kwenye mlango wa jokofu, kwa kalamu ya risasi,
mpango ulikuwa mwepesi kuliko kalamu yenyewe.

Nguzo ya kwanza: magoti yanajuliana hali.
Ya pili: mapafu, wapangaji wangu wa miaka hamsini na miwili,
watu wasiojulikana hata kwa kikohozi,
wanagonga ukuta kwa ngumi zote.
Ya tatu: kinywani ladha ya sarafu,
mapaja yanasuguana, yanasutana,
nami nataka kuikumbatia ile nguzo
kama mlevi aliyekutana na shemeji.

Hapo ndipo upepo wa kusini-magharibi ulipoamka.

Sisi wa hapa tunaujua. Siku nyingine
hutufungia kamba njiani, tushikilie tusipeperuke.
Haukubisha hodi. Ulinisukuma mgongoni
kwa kiganja kipana, kama mama mkwe
anayetaka chakula kifike mezani.
Ya nne! Ya tano! Koti likaumuka,
miguu ikawa ya mtu mwingine,
na mbwa wa mtaani, yule wa rangi ya majivu
mwenye jina tofauti kwa kila duka,
akaacha pipa lake la taka akanifuata,
akinitazama kwa heshima.
Ya sita, ya saba, ya nane!
Dirishani jirani yangu Zvonimir
akaninyanyulia kikombe.

Kurudi sisimulii.
Nilitembea nimeinama, kama aliyepoteza pete.

Lakini jokofuni niliandika: nane.
Na kesho yake nane. Kisha tisa.
Siku kumi na moja nilikuwa mtu wa nane na tisa,
hata kazini, kwenye dirisha la tiketi, nikashindwa kujizuia.
"Wewe, Herminda?" Bernarda akasema. "Unakimbia?
Unamkimbia nani?"
Sikuwa na jibu.
Ngazi kumi na nne, labda.

Alhamisi upepo haukuja kazini.
Mlangobahari ulilala bapa kama bati jipya,
moshi wa mabomba ya paa ukapanda wima,
jambo ambalo huku watu hulitokea nje kulitazama.
Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.
Ya nne ikasimama pale pale, mbele yangu,
kama mtu ninayemdaiwa.
Nikakaa kwenye benchi lenye barafu.
Mbwa naye akakaa, akajikuna, akatazama pembeni
kwa adabu.

Kumbe.
Tano zilikuwa za upepo.
Siku kumi na moja nimevaa miguu ya kuazima
na kuitembeza mjini.

Nikarudi nyumbani nikafuta nane zote, na tisa,
nikipuliza vumbi la kifutio sakafuni.
Nikaandika tatu.
Namba fupi, yenye mgongo wa kibiongo,
lakini ukiigusa haiyumbi.

Kesho, navyoujua mji huu, utavuma usoni.

Jioni nilitoka sokoni na viazi kilo tano,
nikapanda.
Nilipumzika, ndiyo.
Mara moja.